Kumnawisha Daktari

Ilikuwepo, na kwa mujibu wa taarifa rasmi bado ipo na mambo yake ni mazuri, nchi iitwayo Tengamano. Nchi hiyo ilikuwa na hospitali moja kubwa, Hospitali Kuu ya Shukurani, na hospitali hiyo ilikuwa na bomba la maji. Bomba lilizinduliwa na Mtukufu Rais miaka kumi na miwili kabla ya mambo haya, na siku ya uzinduzi maji yalitoka kweli, kwa sababu gari la zimamoto lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ukuta na mpira wake umeunganishwa. Gari lilipoondoka, maji yaliondoka nalo. Bomba likazungushiwa minyororo na kuwekewa askari, maana sasa lilikuwa mali ya historia, na mtu yeyote aliyetaka kulifungua aone kama linatoa chochote alihesabiwa kuwa anaichungulia serikali.

Basi wakapita wataalamu fulani wa nje, wakaandika ripoti. Walisema wagonjwa wa Tengamano hawafi kwa maradhi waliyokuja nayo, wanakufa kwa mikono ya wanaowatibu, maana mikono hiyo hutoka kwenye kidonda cha huyu ikaingia kwenye kidonda cha yule bila kupitia majini. Serikali ilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu ikafurahi, kwa sababu ukurasa wa mwisho wa ripoti ulikuwa na shauri: wagonjwa washirikishwe katika usalama wa matibabu yao. Shauri hilo halikuhitaji bomba.

Mheshimiwa Mabruki, Waziri wa Afya na Taswira ya Nchi, alilitangaza mwenyewe redioni. "Kuanzia leo," alisema, "mgonjwa si mzigo tena. Mgonjwa ni mshirika, ni mlinzi, ni jicho la taifa lililolala kitandani. Na mgonjwa atakayekufa kwa uzembe wa mtu, tutamuuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi."

Watu walipiga makofi. Wengine waliyapiga wakiwa wamelala.

*

Bi Sikudhani binti Mgeni aliletwa Wodi ya Majeraha wiki hiyohiyo. Alikuwa mpishi wa shughuli, mwanamke wa miaka hamsini na saba, aliyepika pilau la harusi za mtaa mzima na kisha la harusi za watoto wa harusi hizo. Sufuria la mafuta lilipinduka jikoni likammwagikia mguu wa kulia, kuanzia gotini hadi kifundoni. Akapewa nusu ya kitanda namba saba. Nusu ya pili ilikuwa ya binti aitwaye Mwanakombo, aliyepasuliwa kidole tumbo, nao wakawa wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule.

"Mama, ukitaka kugeuka niambie kwanza," alisema Mwanakombo.

"Nitakwambia, mwanangu. Na wewe ukitaka kucheka nigongee, maana kitanda chote kitatikisika."

Aliyeuona mguu huo ni Daktari Lukindo, bingwa wa upasuaji, mtu mpole aliyetibu vitanda arobaini na viwili asubuhi moja. Aliuangalia, akasema maneno machache. "Kidonda hiki kikibaki kisafi, bi mkubwa, utatembea. Kikiingia uchafu, tutaukata." Bi Sikudhani alielewa. Mpishi wa shughuli hupika amesimama, na sufuria la watu mia tatu halikorogwi na mtu aliyekaa kwenye kigoda. Bila mguu hakuna jiko, na bila jiko hakujua angeitwa nani.

Siku ya pili Muuguzi Bupe, ambaye wodi nzima ilimwita Sista, aligawa Fomu ya Ushirikishwaji. Swali la kwanza liliuliza: "Je, mhudumu aliyekugusa leo amenawa mikono?" Chini yake kulikuwa na kisanduku kimoja, kimeandikwa "Ndiyo". Swali la pili liliendelea: "Kama jibu lako ni hapana, eleza kwa nini wewe mgonjwa ulimruhusu akuguse." Mahali pa sahihi palitakiwa dole gumba, na wino wa zambarau ulitolewa bure.

"Mtamuuliza daktari kwa heshima," Sista Bupe aliwafundisha, akisoma. "Mtasema, 'Daktari, umenawa?' Naye atawajibu kwa heshima. Ndiyo ushirikishwaji wenyewe."

"Na maji, Sista?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Semina ya maji ni ya wizara nyingine."

Wa kwanza kushirikishwa alikuwa Mzee Chilambo wa kitanda namba tisa, askari mstaafu aliyezoea kutii amri. Daktari Lukindo alipounyoosha mkono kuelekea kwenye bandeji yake, mzee alijiweka sawa akauliza, "Daktari, umenawa?"

Mkono wa daktari ukabaki hewani. Wodi nzima ikaona aibu kwa niaba ya mzee. "Mzee wangu," alisema daktari, "shule uliishia darasa la ngapi?"

"La nne, Daktari."

"Mimi nimesoma miaka kumi na minane. Sasa nani amuulize mwenzake?"

Akakiruka kitanda namba tisa. Hakukiruka kwa hasira, alieleza baadaye, alitaka tu kumpa mzee nafasi ya kutafakari. Mzee Chilambo alitafakari siku tatu bila kufungwa kidonda, na siku ya nne akatolewa shuka ikiwa usoni. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba kidonda chake kilikuja na tabia zake kutoka nyumbani.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Kila asubuhi daktari alipita, mikono yake ikatoka kitanda hiki ikaenda kile, na nyuma yake alipita Sista Bupe na wino. Wote waliweka dole gumba kwenye "Ndiyo". Wino wenyewe haukutoka, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuutoa.

*

Bi Sikudhani alilitazama jambo hilo kwa jicho la jikoni. Aliona kosa liko wapi. Wataalamu wa nje walikuwa watu wa maana, lakini hawakulelewa Tengamano. Mkubwa haulizwi kama amenawa. Hilo ni tusi, ni kumwambia ananuka. Lakini mgeni akifika kwenye chakula hakuna anayemuuliza lolote. Ananawishwa. Kuuliza ni utovu wa adabu, kunawisha ni adabu yenyewe, na maji ni yaleyale.

Alimtuma wifi yake. Kesho yake wifi alikuja na dumu la maji yaliyochemshwa, birika, beseni, kipande cha sabuni na taulo jeupe lililopigwa pasi. Daktari Lukindo alipofika kitanda namba saba alimkuta Bi Sikudhani ameketi ukingoni, mguu mbovu umeegemezwa kwenye mto, taulo mkononi, kichwa ameinamisha kidogo.

"Karibu, Daktari," alisema, akainua birika.

Hakuna mtu aliyelelewa nchi ile anayeweza kuona birika limeinuliwa mbele yake na akabaki na mikono mfukoni. Ya daktari ilijitokeza yenyewe. Akageuza viganja, akasugua katikati ya vidole, akapaka sabuni, akamwagiwa tena, akakung'uta, akafutwa. Alipomaliza akatazama huku na huku kama anayetafuta sinia.

"Sinia ndiyo mimi, Daktari," alisema Bi Sikudhani, akafunua mguu.

Mwanakombo akamgonga mwenzake kwa kisigino, maana alitaka kucheka.

Kuanzia siku hiyo walizunguka wodi nzima mbele ya daktari. Bi Sikudhani alichechemea na birika, Mwanakombo akafuata amejishika tumbo, beseni limebanwa kiunoni. Mbele ya kila kitanda daktari alikaribishwa, na mbele ya kila kitanda alinawa, mara arobaini na mbili kila asubuhi, bila mtu yeyote kumuuliza swali. Mwenyewe alionekana kufurahi. Alisema hajaheshimiwa hivyo tangu alipooa. Wiki ya pili harufu ya wodi ilipungua. Wiki ya tatu nzi walihamia Wodi ya Watoto, ambako hali ilikuwa ya kawaida. Kidonda cha Bi Sikudhani kikaanza kuota ngozi changa pembeni, ya waridi, nyembamba kama utando wa maziwa, naye alifurahi sana. Alianza hata kupanga kichwani viungo vya harusi moja ya mwezi wa sita.

*

Mkurugenzi wa hospitali, Bwana Ngwatu, aligundua kwamba Wodi ya Majeraha imepitisha wiki tatu bila mtu kufa. Jambo hilo lilimkosesha raha. Kama sasa hawafi, mtu mwenye nia mbaya angeweza kuuliza kwa nini zamani walikuwa wanakufa. Alimpigia Waziri simu haraka, na Waziri, aliyekuwa na akili nyingi zaidi, akaona papo hapo kwamba haya ni matunda ya sera yake.

Alikuja na televisheni. Alimvisha Bi Sikudhani utepe wa rangi za taifa, akamtawaza kuwa Mshirika wa Kwanza wa Usalama. "Mwanamke huyu," alisema akiitazama kamera, "hakulalamika. Hakuuliza bomba liko wapi. Aliuliza, mimi mgonjwa nifanye nini kwa ajili ya daktari wangu?"

Bi Sikudhani aliulizwa kama ana neno. Alisema anashukuru, na kwamba kama ingewezekana wapatiwe madumu mawili ya ziada. Kipande hicho hakikuonyeshwa.

Wiki iliyofuata ukaja waraka, na Sista Bupe akausoma akiwa amesimama katikati ya wodi. Kunawisha madaktari sasa lilikuwa zoezi la kitaifa. Mabirika yawe ya sare na yatatolewa na wizara. Maji ya kutoka nyumbani yamepigwa marufuku, kwa sababu raia akimwona mtu anaingia hospitali na dumu atadhani hospitali haina maji.

"Sasa tunanawisha na nini, Sista?" aliuliza Bi Sikudhani.

Sista Bupe aligeuza karatasi akatazama nyuma yake, akairudisha mbele. "Hapa wameandika kwamba kiini cha zoezi ni moyo," alisema. Hakuwa na furaha aliposema hivyo. Alikuwa na watoto wanne na kazi moja.

Mabirika ya wizara yalikuwa mazuri. Yaling'aa, yana picha ya Waziri tumboni, na vifuniko vyake vilichomelewa ili vumbi lisiingie. Askari wa bomba alipewa kazi ya pili, kupekua vikapu vya watu wanaokuja kuona wagonjwa. Wifi yake Bi Sikudhani alinyang'anywa dumu mara mbili. Mara ya tatu alileta maji ndani ya chupa ya chai, akaambiwa kwamba hata uji wake sasa utachunguzwa.

Kila asubuhi, basi, zoezi liliendelea. "Karibu, Daktari." Birika liliinamishwa, halikutoka kitu, na Daktari Lukindo akasugua mikono yake mikavu, viganja kwanza, kisha katikati ya vidole. Akafutwa. Akashika kidonda. Mara moja tu alinong'ona, "Bi mkubwa, nisamehe."

"Hamna neno, Daktari," alijibu Bi Sikudhani, akasogea kitanda kinachofuata.

Wagonjwa wakaanza kutoka tena na shuka usoni. Mwanakombo alikuwa ameshapona kabla ya waraka, lakini hakuruhusiwa kwenda kwao, kwa sababu Mshirika wa Kwanza alihitaji mbeba beseni. Yeye alilia kila mtu alipotolewa. Bi Sikudhani alilia kwa yule wa kwanza na yule wa pili. Alipotolewa wa kitanda namba nne alisogeza tu beseni machela ipite. Alijua anatakiwa kukasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anavyotafuta kijiko kwenye jiko la watu, hakuiona, akaacha.

Mguu nao ulifanya hivyohivyo. Ile ngozi changa iligeuka kijivu, kisha nyeusi, harufu ikarudi. Maumivu yalizidi kwa siku nne, halafu yakaondoka. Bi Sikudhani alivitazama vidole vyake kule mbali, karibu na kichwa cha Mwanakombo, na vilikuwa vyake kwa jina tu.

*

"Tuukate Alhamisi, juu ya goti," alisema Daktari Lukindo. Aliketi kitandani kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Tukivuka hapo sumu itapanda, na wiki ijayo hutaiona."

"Na mikono itakayokata?"

Daktari aliiangalia mikono yake.

"Glavu hakuna?"

"Zipo kwenye kabati la kioo, kwa ajili ya maonyesho. Ufunguo uko wizarani. Nikikukata na mikono hii, bi mkubwa, kidonda kipya kinaweza kufuata njia ya hiki. Nisipokukata, hakuna cha kufuata njia yoyote."

Sista Bupe akaongeza lililobaki, maana lilikuwa kwenye kanuni. Kabla ya upasuaji wowote wagonjwa wa wodi watakutana na kuthibitisha kwamba daktari amenawa. Wathibitishe wote. Pingamizi la mgonjwa mmoja linafungua uchunguzi wa siku tisini, na kwa siku hizo tisini kisu hakigusi mtu, kwa usalama wa mgonjwa.

"Kwa hiyo nichague mimi," alisema Bi Sikudhani.

"Ndiyo ushirikishwaji wenyewe," alisema daktari, na hakuwa anatania.

Alhamisi asubuhi Waziri alifika na kamera zake, kwa kuwa mguu wa Mshirika wa Kwanza ulikuwa mguu wa taifa. Bi Sikudhani alishachomwa ganzi mgongoni. Alikuwa amelazwa kwenye machela katikati ya wodi, utepe kifuani, kiuno na miguu haipo kabisa katika hesabu ya mwili wake. Wakamnyanyua mabega, wakampa birika.

"Karibu, Daktari."

Daktari Lukindo akanawa hewa. Alinawa kwa muda mrefu kuliko siku zote. Mwanakombo alikinga beseni chini ya mikono yake mpaka alipomaliza.

"Mshirika wa Kwanza," alisema Waziri kwa sauti ya televisheni, "lithibitishie taifa. Daktari amenawa?"

Bi Sikudhani alilipindua birika zima kichwa chini, juu ya beseni, akalishikilia hapo.

"Hayatoki maji, Mheshimiwa," alisema. Hakupandisha sauti. Alisema kama mpishi anayetoa taarifa kwamba chumvi imekwisha.

Mpiga picha alishusha kamera. Bwana Ngwatu alianza kutokwa jasho. Waziri hakutahayari hata kidogo. Mtu hafiki alipofika yeye kwa kutahayari. "Hii ndiyo demokrasia," alisema. "Mshirika mmoja ametoa maoni yake na tunayaheshimu. Sasa tuwasikie washirika wengine. Mnaokubali kwamba daktari amenawa, nyosheni mkono."

Mikono ikanyooka kitanda kwa kitanda. Ilinyooka ya waliokuwa wanasubiri kufungwa vidonda, ya waliokuwa wanasubiri kupasuliwa, na ya waliosubiri tu kuruhusiwa. Wasioweza kunyosha walinyoshewa na ndugu zao.

"Kanuni inataka wote, Mheshimiwa," alinong'ona Bwana Ngwatu. "Bado mmoja."

Hapo Mwanakombo aliweka beseni sakafuni akamwinamia Bi Sikudhani sikioni.

"Mama, nyosha mkono. Watakuacha hapa siku tisini."

"Hakunawa, mwanangu."

"Najua. Sote tunajua. Nyosha tu."

"Nikinyosha, naye akinikata na mikono ile?"

"Unaweza kupona. Usiponyosha huwezi. Nakuomba, mama."

Binti alikuwa analia, machozi yakimdondokea Bi Sikudhani shingoni. Bi Sikudhani aliyahisi kuwa ni ya moto, akajua kwamba analiliwa yeye, akamshukuru moyoni kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka mtaa wa pili. Akanyosha mkono.

Makofi yakalipuka. Karani wa mkutano aliandika kwamba mgonjwa ameshirikishwa kikamilifu na kwamba hakukuwa na pingamizi. Waziri alimpongeza Mkurugenzi, Mkurugenzi akampongeza Waziri, kisha wote wawili wakasimama kupigwa picha na Daktari Lukindo. Yeye alikuwa ameinua mikono yake mbele ya kifua, mbali na kila kitu, kama wanavyofundishwa madaktari, ili isiguse chochote kabla ya kuingia kwenye chumba cha upasuaji.

Katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kumwambia Bi Sikudhani kwamba kura imekwisha. Wakaisukuma machela, mlango wa wodi ukafunguliwa, naye akapita chini ya kizingiti mkono wake ukiwa bado juu.